Kijani Chini ya Kijani

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, yajue haya, kisha twende pamoja.

Eustadia wa Mtendeni alimwona mumewe Damas akitoka asubuhi kwa baiskeli nyeusi, akisema anakwenda Sikonge kufuata asali. Jioni akaletewa maiti. Damas alikuwa ameokotwa chini ya kalavati kwenye barabara ya Ulyankulu, upande mwingine kabisa. Pembeni yake hapakuwa na baiskeli nyeusi. Palikuwa na ile ya kijani, ya alumini, ambayo mwenyewe alimwambia mkewe ameiacha kwa mdogo wake Silasi ifanyiwe matengenezo.

Barabara siyo. Baiskeli siyo.

Watu wakasema alilewa wanzuki. Wengine wakasema ile ndiyo njia ya zamani ya misafara, kwamba wapagazi waliofia pale na mizigo mabegani bado wanatafuta wa kuwapokea, na Damas aliitwa akaitika. Eustadia aliposema kwamba mume wake alitoka na nyeusi, walimshika mkono wakamwambia msiba unamchanganya mtu hata macho.

Wiki iliyopita tulimwacha na habari njema iliyokuja na hofu yake. Binti yake Imakulata amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Shule iko mbali, na baiskeli pekee iliyobaki nyumbani ni ile ya kijani.

"Siipandi, mama," Imakulata alisema. "Njia nzima wanaijua. Watasema ndiyo iliyomuua baba yake."

"Wanachojua ni rangi," Eustadia alimjibu. "Rangi nitaitoa."

Sasa tuendelee.

Ilikuwa Jumamosi, jua limeshapanda. Eustadia aliishusha baiskeli pale ilipokuwa imetundikwa tangu matanga, akafungua magurudumu, mnyororo, usukani na kiti, akabaki na fremu tupu. Akailaza juu ya viti viwili uani. Gurudumu la nyuma aliliweka ekseli juu ya matofali mawili ili baadaye alitie mafuta.

Hajaanza hata kazi, Silasi akaingia.

Silasi ndiye mdogo pekee wa Damas. Baada ya mazishi ndiye aliyeichukua baiskeli ile akaipeleka nyumbani kwake, akakaa nayo, kisha akairudisha ikiwa inang'aa kama mpya na kuitundika kwa mkono wake mwenyewe. Mahindi yakiisha, yeye ndiye anayeleta gunia. Eustadia hakuwa na neno baya juu yake.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Natoa rangi."

"Ya nini tena?"

"Imakulata aende nayo shule. Nataka ibaki alumini tupu, isifanane na ile wanayoijua."

Silasi aliitazama fremu kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Si upake nyingine juu yake? Mimi mwenyewe nitapaka. Leo hii."

"Rangi juu ya rangi inabanduka."

"Basi mtoto achukue ya kwangu. Hii iache itundikwe. Ni kumbukumbu ya kaka."

"Kumbukumbu ya kaka yako ni mtoto wake."

Silasi akasema taratibu, macho yakiwa chini, "Kama ni lazima, usihangaike na dawa za dukani. Una kostiki ya sabuni. Koroga kwenye maji ya moto, mwagia, nenda zako jikoni. Ukirudi utakuta imekwisha kazi."

Eustadia akainua uso.

Kupika sabuni ndiyo kazi iliyokuwa inamlisha yeye na mwanawe. Silasi alikuwapo siku ile alipokosea akamimina kostiki kwenye sufuria ya alumini. Ilichemka yenyewe bila moto, ikatoa mvuke wa kukaba koo, ikageuka nyeusi, ikatoboka. Silasi ndiye aliyeitoa nje na kuitupa.

"Kostiki inakula alumini, shemeji."

"Ukitia kidogo haili."

"Sufuria yangu uliitupa wewe."

Silasi alisema kuna mtu anamngoja mjini. Akaondoka bila hata kunywa maji aliyoletewa.

"Baba mdogo ana nini?" Imakulata aliuliza.

"Sijui," mama yake akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu awe mke wa ukoo ule, Eustadia alimwogopa shemeji yake.

Dawa ya kutolea rangi ilikuwa nzito kama uji, na harufu yake ilipanda mpaka kwenye paji la uso. Eustadia alivaa glavu, akamwambia mtoto akae upande ule upepo unakotokea, akapaka dawa kwa brashi mpaka fremu yote ikafunikwa. Akaizungushia nailoni isikauke upesi. Wakakaa kungoja.

Hapo ndipo Imakulata alipomgusa mama yake bega.

Gurudumu lililokuwa juu ya matofali lilikuwa linazunguka. Polepole, bila sauti, kama mtu analisukuma kwa kidole kimoja.

"Upepo," Eustadia alisema.

Imakulata akatazama kamba ya nguo. Mashati yalikuwa yananing'inia yametulia. Na wote wawili, katikati ya ile harufu kali ya dawa, walisikia nyingine: asali mbichi na moshi wa kufukuzia nyuki. Harufu ya Damas akirudi kutoka porini.

Ilikuja, ikakaa kidogo, ikaondoka. Gurudumu likasimama.

"Mama, tuiache."

"Nikiiacha leo sitaigusa tena maisha yangu."

Alifungua nailoni. Rangi ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Alichukua kipande cha plastiki alichokikata kwenye dumu, maana chuma kingekwangua alumini, akaanza kuisukuma. Kijani kikatoka vipande virefu, laini, kikaangukia kwenye gazeti.

Chini yake hapakuwa na alumini. Palikuwa na kijani kingine.

Kijani kile kile, ila kigumu, chenye mikwaruzo ya magunia na alama za kamba. Hicho ndicho alichokijua. Baiskeli ilikuja nacho kutoka Ulaya. Ina maana ule mng'ao wote wa baada ya msiba ulikuwa rangi ya Silasi, ameipaka juu ya kila kitu.

Alipaka dawa tena, akangoja tena, akakwangua tena. Sasa alumini ikaanza kutokea, nyeupe, baridi, safi. Moyo ukamtulia kidogo. Akaona kama mwanawe ameshapanda, ameshafika shuleni, hakuna anayemnyooshea kidole.

Kisha akafika mbele, pale bomba la chini linapokutana na kichwa cha fremu.

Pale rangi haikutoka peke yake. Ilitoka na puti, ile wanayozibia mabati ya magari. Donge la kijivu liliachia lote likaanguka miguuni pake. Chini yake kulikuwa na ufa.

Haukuwa mkwaruzo. Bomba lilikuwa limepasuka nusu nzima, limeachama, ukucha wa kidole ungeweza kuingia. Na ndani ya ufa ule, kwenye kingo zake, palikuwa na puti nyingine. Hii ilikuwa ya rangi ya udongo, kuukuu, imepakwa kijani cha brashi juu yake, nayo imekatika pamoja na bomba.

Eustadia alikaa chini.

Ile puti ya rangi ya udongo ilikuwapo kabla ya ajali, ndiyo maana ilikatika fremu ilipokatika. Ile ya kijivu iliwekwa baada ya ajali, kufunika mpasuko wenyewe. Mtu alijua kabla. Mtu alijua baada.

Na mtoto wake alikuwa apande Jumatatu.

"Niletee simu," alimwambia Imakulata.

Silasi alipigiwa simu, na aliporudi hakusalimu. Alilitazama donge la kijivu kwenye gazeti, kisha ule ufa, akavua kofia.

"Ulimuua kaka yako?" Eustadia aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anauliza bei ya chumvi.

"Shemeji."

"Baiskeli ilikuwa kwako. Ikatoka kwako imezibwa. Akaanguka nayo. Ukaichukua ukaiziba tena. Niongeze nini tena hapo?"

"Puti ya juu ni yangu," Silasi alisema. "Ya chini ni ya kaka."

"Usimsingizie maiti."

"Ni yake. Aliuona ufa mwenyewe, akaja kwangu kuuzibia kwa sababu hakutaka wewe umwone. Nilimshikia fremu akipaka. Kisha akaiuza. Hapo hapo uani kwangu, mbele yangu. Akamwambia mnunuzi baiskeli haina tatizo."

Imakulata alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwona alipofika.

"Alimuuzia nani?" Eustadia aliuliza.

"Nijimbere. Mkulima wa Ulyankulu. Kesho yake kaka ameokotwa nayo. Sijui ilimrudiaje. Baadaye nikamwona Nijimbere mjini amepanda ile nyeusi ya kaka. Nikadhani aligundua, wakapigana, akamfanyia jambo. Tangu hapo nikimwona nageuza njia."

"Na hukusema."

"Ningesema vipi? Wangeuliza baiskeli ilifikaje kwake."

"Ukawaacha waseme mume wangu alikuwa mlevi. Damas, ambaye hakugusa pombe tangu mtoto huyu apokee komunyo ya kwanza."

Silasi alizungusha kofia mikononi. "Mlevi watu wanamwombea, shemeji, wanasahau. Aliyemuuzia mwenzake kifo akijua, jina hilo linabaki kwa mtoto. Nikaona bora ulevi. Nikaziba, nikapaka, nikaitundika. Nilijua hamtaipanda."

"Na leo ukaniambia niimwagie kostiki."

"Ili iishe. Ili iliwe yote, tusiione tena."

Kulikuwa na kitu cha kweli katika sauti yake, na hicho ndicho kilichomuumiza Eustadia zaidi. Siku zote hizi alikuwa amempigania Damas mbele za watu. Alisimama kanisani watu wakinong'ona, akawatazama machoni. Sasa mtu aliyempigania alikuwa mwingine.

Alivua glavu. "Leo ni Jumamosi. Huyo Nijimbere yuko sokoni?"

"Huwa anakuja. Shemeji, usiende peke yako."

"Kaa hapa na mtoto. Usiiguse hiyo fremu."

Alimkuta upande wa wauza asali, mwanamume wa makamo mwembamba anayepanga ndoo. Lakini kabla ya kumwona mtu, aliiona baiskeli. Nyeusi, imeegemezwa kwenye nguzo, kiti kimevishwa kipande cha sweta kuukuu ya Imakulata. Alikishona yeye kwa mkono wake.

Hakuwa amechanganyikiwa. Macho yake yalikuwa sawa siku ile.

Nijimbere alimwona anavyokitazama kiti. Akasimama, akajifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanijua?"

"Nilikuja mazishini. Nilisimama nje ya uzio, sikuingia." Alitazama gauni la Eustadia, lililonatwa na vipande vya rangi ya kijani. "Umeifungua ile baiskeli."

"Nimeifungua."

"Basi twende. Nimechoka kungoja uje, na nilikuwa naogopa usije."

Walitembea hadi nyumbani, Nijimbere akiisukuma ile nyeusi. Kwa sauti ya matairi yake tu, mbwa wa jirani ambaye huwabwekea wote alinyanyuka, akaja akinusa, akarudi kulala.

Uani Silasi alikuwa pale pale alipoachwa. Imakulata aliiona baiskeli ya baba yake ikiingia, akaziba mdomo kwa kiganja. Eustadia akampa mgeni kigoda. Yeye akabaki amesimama.

"Ulimfanya nini mume wangu?"

"Sikumgusa, mama. Nilinunua asubuhi, nikalala mjini kwa ndugu, kesho yake nikaanza safari ya nyumbani na mzigo wa mbegu. Nikiwa mbali tayari, karibu na lile kalavati, nikasikia naitwa kwa nyuma. Ni Damas, na hii nyeusi. Jasho limemlowesha kama amemwagiwa maji. Akaniambia shuka."

"Kwa nguvu?"

"Hapana. Alikuwa ananiomba. Alisema, shuka, hiyo ina ufa, mimi ndiye nimeuziba. Alisema tangu jana hawezi kula. Alisema, na mimi nina mtoto. Akanipa nyeusi, akachukua kijani, akanisaidia kuhamisha mzigo. Hakutaka hata nimshukuru."

Eustadia alitafuta ukuta kwa mkono. Aliupata, akauegemea. Silasi alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika.

Kwa hiyo ndiyo sababu ya barabara. Ndiyo sababu ya baiskeli. Aliaga kwenda Sikonge kwa sababu hakuweza kumwambia mke wake anakwenda kurekebisha nini. Lile tendo baya lilikuwa lake, na kurudi kulirekebisha, njia nzima ya jua kali, kulikuwa kwake pia. Imakulata alikuwa analia kimya kimya, lakini ule mdomo wake uliokuwa umekaza tangu siku ya mazishi ulikuwa umelegea.

Laiti maneno ya Nijimbere yangekoma hapo.

"Nilimsihi asiipande," aliendelea. "Nikamwambia aisukume mpaka mjini. Akasema ataisukuma. Tukaagana, nikapanda hii, nikaenda. Mbele kidogo nikageuka nimpungie mkono. Nikakuta amepanda."

"Kwa nini apande?" Eustadia aliuliza. "Na anajua ilivyo."

Nijimbere alimtazama Silasi, akamtazama mtoto, akatazama chini.

"Alikuwa amempakia mtu, mama."

"Mtu gani?"

"Mwanamke. Nyuma, kwenye keria, amekaa upande. Nilidhani ni wewe umemfuata."

"Mimi nilikuwa hapa, napika sabuni."

"Nilikuja kujua baadaye. Tulipokuwa tunabadilishana baiskeli hapakuwa na mtu, mama. Barabara ilikuwa nyeupe pande zote, hakuna nyumba, hakuna kichaka cha kumficha hata mbuzi. Sijui alitokea wapi. Nilipunga mkono. Damas hakugeuka. Yule mwanamke ndiye aliyegeuka."

"Ulimwona uso?"

"Alikuwa amejitanda kitenge mpaka usoni."

"Aliyeokotwa chini ya kalavati ni mtu mmoja," Eustadia alisema.

"Ndiyo maana sikuja. Sisi wa kule, tuliokuja kama wakimbizi, tukisema tulikuwa wa mwisho na marehemu, nani atatusikiliza? Na nikisema habari ya mwanamke, mke wake nitamwambia nini? Nikakaa nayo. Lakini kila nikipita pale na baiskeli hii, inakuwa nzito nyuma. Nashuka, natazama keria. Hamna kitu."

Hapo Silasi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake:

"Kitenge cha rangi gani?"

Eustadia akageuka. Kati ya maswali yote ambayo mtu angeweza kuuliza, shemeji yake alikuwa amechagua hilo.

"Zambarau," Nijimbere alijibu. "Chenye ndege weupe. Upindo mmoja umeungua moto."

Silasi alishuka taratibu mpaka chini, akakaa kwenye vumbi, katikati ya vipande vya rangi.

"Shemeji," Eustadia alisema. "Unakijua?"

Silasi alimgeukia mtoto. "Imakulata, mwanangu," alisema, "ingia ndani, ufunge mlango."

Imakulata hakuondoka. Alijifuta macho kwa kiganja, akaja akasimama mbele yake.

"Shule nitakwenda kwa miguu," alisema. "Lakini hilo, baba mdogo, liseme nikiwa hapa."

Silasi alimtazama, akamtazama mama yake, na walipomwona akifungua mdomo waliona ni mtu aliyeishiwa mahali pa kujificha.

"Kitenge hicho tulikizika mimi na baba yako," alisema. "Pamoja na aliyekivaa."